Mate ya Mzee Sangida

Hapo zamani, enzi ambazo mji wa Ukingoni ulikuwa na sultani wake, na ngoma zake, na majivuno yake, alikuwako mtu mmoja jina lake Vuai bin Dadi, fukara asiyekuwa na kitu ila ulimi. Kanzu alikuwa nayo moja tu, na siku akiifua hakutoka nje mpaka ikauke. Wala haikufanyika arusi wala matanga mjini pale bila ya Vuai kuketi karibu na sinia. Watu walimcheka, naye akawacheka wao, ikawa haijulikani hasa nani anamcheka nani. Ila kwa jambo moja aliushinda mji mzima. Ujanani mwake alifuata misafara ya bara akibeba mizigo ya wenyewe, akarudi na mgongo mbovu na lugha ya Walusungo imemkaa kinywani kama aliyezaliwa nayo.

Walusungo hao walikuwa wafugaji wa milimani, na wakati huo palikuwa na ugomvi baina yao na Ukingoni, ugomvi ambao aliyeuanza hakumbukwi. Njia ilifungwa, ikawa chumvi haipandi na samli haishuki. Huko juu ng'ombe walilamba mawe, na huku chini watu wenye heshima zao walikula pilau isiyo na samli, wakaila wamenuna. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kunoa mikuki. Basi mtemi wa Lusungo akaona heri kuzungumza, akamtuma mzee wake mmoja aitwaye Sangida ashuke pwani akatafute suluhu.

Sasa sultani wa Ukingoni, Mwinyi Jaha, hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ni rahisi kumsimulia. Yeye maradhi yake yalikuwa kujua. Jicho likimcheza alijua maana yake, paka akikatiza njia alijua maana yake, na mgeni akikohoa kabla ya kusalimu, Mwinyi Jaha alishajua ana nia gani. Alizoea kusema, "Maneno ndiyo yatakayo mkalimani. Ishara haina mkalimani. Ishara ni ishara, popote penye jua." Na waziri wake, mtu aliyeitikia kabla hajasikia, husema, "Naam, Maulana, kweli tupu!"

Siku ya ugeni ikafika, akaitwa Vuai aende akampokee mzee langoni na kumtafsiria barazani. Vuai akaenda na kanzu yake, ambayo kwa bahati ilikuwa kavu. Akamkuta Mzee Sangida amekaa chini ya ukuta, mrefu, mkavu, ana fimbo na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mzee alipomsikia anasalimu kwa Kilusungo cha nyumbani kabisa, akacheka mpaka akashika mbavu, akamwachia kibuyu chote. Vuai akanywa mpaka chini, kwani tangu jana hakuwa amekula. Toka hapo akampenda yule mzee, na ukimpenda mtu kwa sababu ya tumbo, moyo nao hufuata.

Kabla ya kuingia mjini Mzee Sangida akainama, akang'oa majani mabichi penye unyevu wa mfereji, akayashika mkononi vizuri. Wakaenda zao hadi barazani.

Mwinyi Jaha alikuwa ameketi juu ya kiti chake, amevaa joho lililotariziwa nyuzi za dhahabu, na baraza imejaa watu. Mzee Sangida akasogea, akanyoosha mikono miwili, akampa yale majani.

Sultani akayatazama. Akamtazama waziri. Akayatazama tena.

"Majani?" akanena. "Huyu amenifananisha na punda?"

"Maulana," akasema Vuai, "kwao wao majani mabichi ni..."

"Nyamaza! Wewe umeitwa kwa maneno, na neno halijasemwa bado. Mimi na majani haya tunaelewana." Akayaweka kando, akavuta pumzi, akaona afadhali aonyeshe ukarimu wa watu wa mjini. "Mleteeni mgeni bafta. Ile njema, nyeupe pe, isiyo na doa. Ajue namna watu wanavyopeana heshima."

Ikaletwa bafta, ikakunjuliwa, akavishwa Mzee Sangida mabegani. Watu wakanong'ona kwa kuipenda ile nguo. Lakini Vuai, aliyekuwa ubavuni mwake, alimwona mzee anatetemeka. Akaishika ile bafta kwa ncha za vidole, akainua macho, akamtazama sultani kitambo kirefu, macho yote barazani yakawa juu yake. Kisha akapanda vidato mpaka penye kiti, akamshika Mwinyi Jaha mkono wa kulia, akaukunjua ule mkono, akatema mate kiganjani. Na kana kwamba hilo halikutosha, akamtemea tena kifuani, tfu! juu ya nyuzi za dhahabu.

Waziri akafungua kinywa kusema naam, akakumbuka kuwa hajaulizwa kitu, kikabaki wazi. Na Vuai, Mungu amsamehe, alipouona uso ule wa waziri, kicheko kikamtoka. Hakukitaka, lakini kilikwisha kutoka, na kilisikika mpaka sokoni.

"Washikeni wote wawili!" akanguruma sultani. "Aliyetema na aliyecheka! Kesho jua likipanda vichwa vyao viwe chini, na keshokutwa mikuki iende Lusungo."

Hapo kicheko kikamwisha Vuai. Akapiga magoti. "Maulana, nisikilize kwa neno moja tu. Mate yale si matusi. Ni heshima."

Mwinyi Jaha akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Mate heshima! Basi sikia, na baraza yote isikie. Wallahi naapa: siku nitakayoyapokea mate ya mtu kwa mikono yangu miwili, nikafurahi, nikamwambia ahsante, siku hiyo hiyo nitawafungua nyinyi wawili, na huyu mzee nitampa suluhu aliyoijia. Haya, uniletee mate hayo kabla ya kesho, ewe mjuzi!"

"Kweli tupu, Maulana!" akasema waziri, akashukuru kwa kupata pa kuingilia.

Vuai alikuwa na hofu, hilo nisilifiche. Lakini ulimi wake ulikuwa na desturi ya kufanya kazi hata mwenyewe akiwa hoi, na maneno ya kiapo kile yalikuwa yameingia sikioni mwake moja moja, yakakaa. Askari walipokwisha kumshika mabega akageuza kichwa na kusema kwa upole:

"Nimesikia, Maulana. Ila uoge vizuri. Maana mate ya mzee wa Lusungo, yakishatua kifuani, hayatoki kwa maji matupu."

Na huo haukuwa uongo. Huko milimani kila mtoto anajua kwamba baraka ya mzee haioshwi ikatoka. Vuai alisema lililo kweli, ila hakueleza, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kuwa ishara haina mkalimani.

Wakafungwa minyororo, wakatiwa katika chumba cha nyuma ya ngome, jua bado likali dirishani. Vuai akakaa akijipapasa shingo. Mzee Sangida alikuwa ameikunja ile bafta vizuri, ameiweka magotini.

"Mzee wangu," Vuai akamwuliza, "mbona ulitetemeka walipokuvika?"

"Kwani wewe hukuona, mwanangu? Hukupata kuishi kwetu?"

"Nilibeba mizigo, baba. Sikuwahi kufiwa huko."

Mzee akatikisa kichwa. "Kwetu mtu akifa hupakwa udongo mweupe toka utosi mpaka nyayo, na mazishini hakuna kinachoonekana ila weupe. Kumvika mtu mzima nyeupe mbele za watu ni kumwambia, wewe umekwisha kufa, kumebaki kuzikwa tu. Nikafahamu kwamba sultani wenu ananiambia kwa adabu sitarudi kwa wajukuu zangu."

Vuai akamkodolea macho. "Na baada ya kuambiwa hivyo, wewe ukapanda ukambariki?"

"Ningefanya nini kingine? Mimi ni mzee, kazi yangu ni hiyo. Tena nilimtazama usoni. Mtu anayekuua kwa nguo nzuri namna hii, huku anatabasamu, ana jambo zito linamla. Nikaona baraka anaihitaji yeye kuliko mimi. Nikampa ya kiganjani, kisha nikaona haitoshi, nikampa na ya kifuani."

Vuai alitaka kucheka na alitaka kulia, akaona haya kwa kile kicheko chake cha barazani, machozi yakamtoka. Mpaka hapo alikuwa akifikiri namna ya kuiokoa shingo yake, na sasa akaapa moyoni kwamba huyu mzee atarudi kwa wajukuu zake, hata kama Vuai bin Dadi atabaki Ukingoni bila kichwa.

Sultani naye hakulala. Alioga kwa maji ya moto, akaoga kwa marashi, akajisugua kifua kwa ndimu mpaka kikawasha, na kila alipojifuta alihisi bado pale pana ubichi. Jicho likamcheza. Tumbo likamnguruma. Alikuwa akijua maana ya jicho kucheza na maana ya tumbo kunguruma, na maana zote mbili hazikumpendeza hata kidogo.

Kulipokucha baraza ikajaa kuliko jana, kwani watu huona haya kusema kuwa wanapenda kutazama mambo kama hayo, lakini huwahi nafasi. Wafungwa wakaletwa. Mwinyi Jaha akatoka ana macho mekundu, akaketi, akataka kutoa amri, akashika kifua. Akasema kwa sauti ndogo, "Ngojeni kwanza. Niitieni mwalimu wangu."

Vuai akashusha pumzi, kwa sababu hilo ndilo alilokuwa akilingoja.

Mwalimu Badi alikuwa mzee sana, na ndiye aliyemfundisha sultani alifu na be. Tangu utoto wa Mwinyi Jaha, homa ikimshika, au akiota vibaya, au jicho la hasidi likihofiwa, mwalimu ndiye aliyeitwa kumsomea. Vuai aliyajua hayo kwa karibu, maana yeye ndiye aliyefagia baraza ya mwalimu kila alipotaka kipande cha halua.

Basi mwalimu akaja akijikongoja, akaletewa bakuli la maji. Akaketi, akalisogeza mdomoni, akaanza kusoma polepole, na baraza yote ikanyamaza kwa heshima. Alipomaliza akaliinamia bakuli. Tfu, tfu, tfu! Na kwa kuwa meno yalikuwa yamemwisha, haikuwa pumzi tu iliyoshuka mle. Kisha akamwinamia sultani utosini, tfu! akampa bakuli.

Mwinyi Jaha akalipokea kwa mikono miwili. Akanywa, akanywa, hata tone halikubaki. Akafumba macho, uso ukamlainika.

"Ahsante, mwalimu wangu," akasema. "Ahsante sana. Nafsi imetulia."

"Alhamdulillahi!" Sauti ikatoka katikati ya minyororo, na Vuai alikuwa amekwisha kusujudu. "Mungu amweke Maulana! Fungueni minyororo, enyi askari, mmesikia, tumefunguliwa!"

"Nani kakufungua?" akauliza sultani.

"Wewe, Maulana, kwa kiapo chako. Umepokea mate ya mtu kwa mikono miwili, umefurahi, umesema ahsante. Tena umesema mara mbili, nami nilitosheka na moja."

Baraza ikavuma. Sultani akainuka nusu kutoka kitini. "Mjinga mkubwa! Hayo si mate! Hiyo ni dua!"

"Niwie radhi, Maulana, macho yangu ni ya kifukara, hayajazoea kuona mambo ya ngome. Mimi niliona kitu kikitoka kinywani mwa mwalimu na kuingia bakulini. Mwalimu, shikamoo. Mle bakulini umetia nini?"

Mwalimu Badi hakuwa akijua habari ya kiapo, wala hakuwa mtu wa kuficha. "Marahaba, Vuai. Nimesoma, kisha nikatema mate. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyomfanyia huyu toka anatambaa. Kwani kuna nini?"

"Kweli tupu!" akasema waziri kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mtu mmoja nyuma akacheka, akafuata wa pili. Sultani akayahisi macho ya mji mzima juu yake, akajaribu njia ya mwisho. "Lakini huyu ni mwalimu wangu! Ananitakia heri! Nia yake naijua!"

"Naam, Maulana," Vuai akajibu, na sasa hakuwa akifanya mzaha. "Unaijua kwa kuwa ni wako. Na nia ya huyu mzee, aliyeteremka milima kwa miguu yake, ni nani aliyemwuliza?"

Mwinyi Jaha akaketi tena taratibu. Akalitazama bakuli tupu lililokuwa bado mikononi mwake, na kwa mara ya kwanza tangu atawazwe akasema neno ambalo baraza ile haikupata kulisikia.

"Sijui," akasema. "Haya, mkalimani. Nieleze."

Vuai akaeleza. Akasema majani mabichi kwao ni amani, kwa kuwa ng'ombe huishi kwa hayo, na anayekupa majani kwa mikono miwili hana mkuki mkononi. Akasema mate ya mzee ni baraka, na huwatemea watoto wake wanapokwenda safari, na bibi arusi anapotoka nyumbani. Kisha akafika kwenye bafta, akasita, akayasema kama alivyoambiwa, udongo mweupe na mazishi na yote.

"Haiwezekani!" Sultani akapayuka. "Bafta ile! Mimi mwenyewe nilivaa bafta ile siku niliyotawazwa!"

"Naam, Maulana. Na marehemu baba yako alizikwa nayo wiki hiyo hiyo. Zilinunuliwa duka moja, na jora ni lile lile. Mimi nilikula kote kuwili, kwa hiyo nakumbuka."

Sultani alikuwa amempenda baba yake. Akauliza, na sauti imemshuka, "Kwa hiyo mzee huyu alidhani nimemwambia afe?"

"Alidhani hivyo."

"Naye akafanya nini?"

"Akakuombea heri, Maulana. Alisema alikuona una jambo zito, akaona baraka unaihitaji wewe kuliko yeye. Ndiyo sababu akatema mara mbili."

Mwinyi Jaha akashuka kitini. Akashuka vidato vyote, jambo ambalo sultani hafanyi, akachukua ufunguo kwa askari, akamfungua Mzee Sangida kwa mkono wake. Aliona haya, na haya zake zilionekana, nami nampenda kwa hilo. Akasimama mbele ya mzee, akakunjua viganja vyote viwili, akafumba macho, akangoja.

Mzee Sangida akamgeukia Vuai, akanong'ona kwa Kilusungo, "Huyu anataka nini? Kwetu mtu akisimama hivi ameshikwa kwa wizi."

"Anataka lile la jana, baba," akasema Vuai. "Mpe, na usimpunje."

Mzee akacheka, akampa. Kiganja cha kulia, cha kushoto, na kifuani. Sultani akasema ahsante kila mara, kwa sauti, watu wote wasikie. Na waziri, alipoona mambo yamegeuka, akapenya akainamisha kichwa chake naye, apate lake.

Suluhu ikafungwa siku ile ile, na kabla ya mwezi kuandama chumvi ilikuwa ikipanda na samli ikishuka, na pilau ya Ukingoni ikarudi kuwa pilau. Mzee Sangida akarudi kwa wajukuu zake akiwa juu ya punda wa sultani, na majani ya punda ameyashika mwenyewe.

Lakini kabla hajaondoka, Mwinyi Jaha alimwita Vuai mbele ya baraza. "Umeniaibisha," akamwambia, "na umeniokoa. Sema utakacho."

"Kanzu ya pili, Maulana. Nipate kutoka nje siku ninayofua."

Sultani akacheka, kicheko cha kweli safari hii, akapiga makofi. Ikaletwa bafta, ile njema, nyeupe pe, isiyo na doa. Vuai akaitazama, akarudi nyuma hatua, akaficha mikono mgongoni.

"Maulana, usinione mtovu wa adabu, ila naona afadhali niulize mapema. Hii unayonipa ni ya Idi, ama ni ile nyingine?"

Mwinyi Jaha akacheka mpaka kilemba kikamtoka kichwani. "Ya Idi, Vuai! Wallahi ni ya Idi!"

Vuai akaipokea kwa mikono miwili, akaipeleka kwa mshoni. Lakini wasimulizi wa Ukingoni wanasema kanzu ile aliitundika ukutani akaitazama tu, wala hakuivaa mpaka Idi yenyewe ilipofika na ngoma zikasikika, asije akawa amefahamu vibaya.